Kikanda Ulichokiona Nyuma ya Shamba la Mama

Kabange, pacha wangu,

Pokea salamu nyingi za huku Lubumbashi. Mama anaendeleaje na goti lake? Na weye, kile kikohozi kimekuacha? Minyi mwili uko muzima. Moyo ndio unanisumbua tangu siku ile uliponipigia kwa simu ya jirani. Simu hiyo sasa haipatikani, basi naandika. Hata ingepatikana, sijui kama mdomo ungefunguka.

Unajua kazi yangu hapa bustanini. Madame, mkubwa wetu, anataka tuchanganye kikanda cheupe na kile chekundu, maua ambayo kwetu tunakula viazi vyake. Ni ndugu, vinaota pamoja demboni, mule bondeni penye maji, lakini havizaliani. Cheupe kinanukia jioni, kinatembelewa na nondo. Chekundu kinangoja vipepeo vya mchana. Chavua ya huyu haifiki kwa yule. Basi minyi ndiye nondo, minyi ndiye kipepeo: nachukua chavua kwa kijiti cha meno, naipakaza ua kwa ua. Mvua tatu sasa, miaka mitatu. Tunda linavimba, nafurahi, nalipasua: mbegu ni maganda matupu.

Halafu weye unapiga simu, unaniita yaya, mkubwa wako, unacheka. “Yaya, kuko kikanda moja ku dembo, nyuma ya shamba ya mama. Haiko mweupe, haiko mwekundu, iko katikati. Ni nini ile?”

Nilijua palepale: ni mtoto wa cheupe na chekundu, yule tunayemtafuta. Na niliona wivu, Kabange, siutafutii jina lingine. Wivu hata sahani ya bukari niliisukuma mbali. Minyi nilisoma, minyi niliacha nyumbani, minyi nainama mezani mpaka mgongo unauma. Weye ulikwenda tu kuangalia mihogo, ukakikuta kimesimama. Ni hivyo tangu utoto. Minyi nilitangulia kutoka tumboni, lakini kila kizuri kinakufuata weye bila kuitwa. Ndiyo maana nilikujibu: “Ile njo kikanda tu. Majani ikikauka, chimba, mupike. Ile kiazi ya laini urudishe mu shimo, kama mama alitufundisha.”

Hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Mama alitufundisha, katika vile viazi viwili vya kila kikanda, kuchukua kigumu na kurudisha kile laini, ati kiote tena, na weye unaamini hivyo mpaka leo. Minyi nimejifunza huku kwamba kile laini kimekwisha kazi yake. Uhai wa mwaka ujao uko ndani ya kile kigumu, kile tunachokitwanga na karanga. Nilijua ungerudisha kile laini kwa roho safi, ungefukia vizuri, ungengoja, na hakuna kitu kingeota. Na hakuna mtu angejua kwamba weye ulikiona, minyi nikashindwa.

Usikichimbe. Kizungushie miti, na wale wake za askari wa kambini wanaochimba vikanda upande ule uwaombe wasikiguse. Jana nilimweleza Madame. Aliuliza ni nani aliyekiona, nikasema ni pacha wangu. Atakuja mwenyewe huko kwenu Kamina kukitazama.

Kama mumeshakila, niandikie hivyo hivyo. Usinifiche kwa kunihurumia.

Nisalimie mama, baba mdogo anayetengeneza baiskeli sokoni, na shangazi wa kwaya. Anayekuletea barua hii ni mama mmoja anayeuza samaki kwenye treni. Mpe maji ya kunywa, safari ni ndefu.

Ndani ya bahasha kuna kibati kidogo chenye waya, kama vile tunavyofunga kwenye mimea yetu hapa. Nimekwaruza jina lako juu yake kwa msumari. Kifunge kwenye mti mmoja wa ule uzio. Upande wa pili utaona jina langu. Nililiandika mvua ile ya kwanza, kwa ajili ya kikanda cha katikati nilichodhani nitakiotesha minyi, kabla sijapasua hata tunda moja. Upande huo ugeuzie ndani.

Pacha wako aliyetangulia,
Kyungu