Boya Limekwama kwa Tangi la Obura

Sheilah, nimefurikisha sebule mbele ya wakwe zangu wote.

Unajua nilikatazwa kugusa vitu vya Obura mpaka siku ya kunyolewa, matanga yake yakiisha. Lile boya la kuzima pampu kwa tangi la samaki wake likakaa limeharibika, maji yakipungua kila siku, na mimi nikiogopa samaki nao watakufa.

Leo tumenyolewa. Nikafunga boya jipya mwenyewe, nikawasha pampu, nikaenda kupakua chakula.

Nimelibana kwa kioo. Limekwama hapo, haliwezi kupanda na maji. Tangi limejaa na pampu bado inavuta. Samaki mmoja amemwagika mpaka kwa kiatu cha shemeji Ogweno, akamrudisha kwa kikombe.

Shangazi akainua miguu: "Mama Fidel, hata kwetu Rukala kwenye mafuriko, maji hubisha hodi!"

Wakacheka. Mimi sikusikia kitu.

Nikageukia chumbani, nikaita: "Obura, zima pampu!"

Nimemwita, Sheilah. Kwa sauti, kama kawaida.

Mama mkwe akainuka, akachomoa waya.

"Imezimwa, mwanangu," akanijibu.