Maua Yaliyowahi Kuamka

Râpa Teiului,
6 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Smaranda,

Kosa la wengi wetu ni kushangilia ua la kwanza la mwaka bila kuuliza ni nini kilicholiamsha. Nisamehe kwa kulitanguliza hilo mbele ya salamu. Hujambo, mwanangu? Mwanao Ilinca, kikohozi kimemwachia? Mimi sijambo, ila magoti yananung'unika, na theluji ingali imelala makaburini.

Picha yako nimeipata: maua meupe yaliyoinamisha vichwa, mstari mmoja chini ya ukuta wa nyumba, na ule uzi mwekundu na mweupe ambao Ilinca ameyafungia kuikaribisha Machi. Umeandika, "Mjomba, safari hii sisi wa mjini Sibiu tumewatangulia!" Tangu jana nakupigia simu, haipokelewi. Ndiyo maana nimempa dereva wa basi la alfajiri barua hii akuletee mkononi.

Nikueleze yaliyotupata huku. Maua kama hayo yalichanua chini ya ukuta wa kaskazini wa kanisa letu la kale, upande usiopata jua, wakati msituni hakuna hata moja lililochungulia. Watu wakasema ni baraka. Bibi Veta, mtunza funguo za kanisa, akaanza kuyafunga nyuzi za Machi. Nikamwambia sipendi yalivyojipanga.

"Mwalimu, wewe hata harusini unatafuta jeneza!"

"Lakini Veta, mbona yamepanga foleni?"

"Yanasubiri kuungama. Nawe ungejiunga nayo, si haba!"

Alhamisi ukuta ukaanguka, naye akiwa pale pale na nyuzi zake. Amelazwa hospitali, mguu umevunjika. Nilipomtembelea hakunitania.

Nimekitazama kifusi. Mizizi ya maua yale ilikuwa ikining'inia hewani, juu ya shimo jeusi. Wakati wa baridi udongo hulala, lakini ghala la chini ya jengo halilali. Hewa yake ina vuguvugu. Tao la ghala likipasuka, vuguvugu lile hupenya juu na kuyaamsha maua kabla ya siku zake. Nayo hujipanga kuufuata ufa, kama wino juu ya mstari.

Sasa fikiria nyumba yenu. Imesimama zaidi ya miaka mia tatu, na ghala lake liko chini ya chumba anacholala Ilinca. Wageni huyapiga picha madirisha ya paani yanayofanana na macho. Miguu ya nyumba haitazamwi na mtu. Ukimwonyesha ufa, mwenye nyumba atakwambia ni plasta tu.

Halafu kuna lile uliloliandika kwa mzaha: mlango wa chumba hicho umeanza kukwama, na mtoto anasema ukuta unasaga meno. Nimelisoma mara kadhaa, mwanangu. Watoto husikia.

Mhandisi atatafutwa kesho. Msalimie mumeo Sabin, na dada yangu Octavia mwambie namwombea. Mungu awe paa lenu, na zaidi ya paa, awe msingi wenu.

Mjomba wako akupendaye, asiyeweza kutulia,
Haralambie

Weka barua hii chini, ukahamishe kitanda cha Ilinca leo.