Santuri ya Mwalimu Lukasi

Jumatatu, 2 Februari 1976

Nimesimama tangu asubuhi. Naweka santuri kwenye gramafoni, nabonyeza rekoda, nashusha sindano, kisha sisogei mpaka wimbo uishe. Sakafu ya duka ni ya mbao. Mtu akipiga hatua, sindano inaruka na kaseti imeharibika. Shangazi anadhani nimepata kazi ya kukaa.

Sikuchaguliwa kidato cha tano. Sitaki kuandika juu ya hilo tena.

Mvua imenyesha mchana kutwa, mtaa wote wa Mwanjelwa ni tope. Saa tisa aliingia mzee mmoja kutoka kwetu Iringa, Mwalimu Lukasi, wa kwaya ya Kilutheri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa mnong'ono. Nilifikiri ananitania. Kumbe hana sauti. Koo limeugua tangu mwaka jana na daktari amemkataza kuimba.

Alileta santuri moja, imefungwa ndani ya kanga. Ni ya zamani, mmisionari aliirekodi kwa mashine yake wakati Mwalimu bado kijana. Ndani yake Mwalimu anaimba wimbo alioutunga mwenyewe. Haupo katika kitabu chochote. Anataka uingie kwenye kaseti ili vijana wa mitaa ya usharika wake waujifunze kabla haujapotea, maana yeye hawezi tena kuwaimbia.

Baba Tusa, mwenye duka, aliigeuza santuri kwenye mwanga. Akasema hizi ni laini, kila sindano ikipita inakula kidogo. Mwalimu akanong'ona, "Basi msiisikilize kwa starehe."

Nilinakili mara moja. Tukarudisha kaseti nyuma, tukasikiliza. Sauti nzito, nzuri sana. Mwalimu alifumba macho. Aliondoka ameridhika.

Jumanne, 3 Februari

Mvua. Kaseti za dansi kutwa. Mgongo.

Mama Tusa, mke wa mwenye duka, amemaliza kufuma kitambaa kingine, cheupe, kimetiwa wanga mpaka kimekuwa kama bati. Amekifunika juu ya rekoda. Sasa vipo viwili pale. Gramafoni ina chake, redio ina chake, hata sanduku la vifaa lina chake. Duka lake linajulikana kwa vitambaa kuliko kwa nyimbo.

Jumatatu, 9 Februari

Mwalimu Lukasi amerudi. Safari yote ile kutoka Iringa tena. Alikaa kwenye benchi akipumua kabla ya kusema. Kaseti ni mbaya. Sauti imepanda, inasikika kama mvulana, na kila ubeti ni wa haraka. Vijana walijaribu kuufuata wimbo wakashindwa kuzifikia noti za juu. Wengine walicheka.

Baba Tusa hakukubali. Aliipiga kaseti ile ile kwenye rekoda yetu mbele ya wateja. Ikatoka sawasawa, nzito kama siku ile. "Umesikia, Mwalimu? Huko kwenu betri zinakimbia!" Watu wakacheka. Mwalimu akanong'ona kwamba ameijaribu kwa mchungaji na kwa mwalimu wa shule, na kote ni hivyo hivyo. Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi. Sikumsaidia. Niliangalia viatu vyangu.

Mwishowe Baba Tusa alisema tunakili upya, asije akasema tumemdhulumu. Aliniambia nihamishe gramafoni. Nikaitoa kwenye meza ya rekoda, nikaiweka kwenye saruji pale mlangoni, isitikisike. Nilifurahi kidogo, nikidhani hilo ndilo kosa. Ilikuwa saa kumi hivi. Tukasikiliza, safi kabisa.

Lakini nilipoinua santuri niliona vumbi jeusi kwenye ncha ya sindano. Sio vumbi. Ni santuri yenyewe. Ndani, karibu na kibandiko cha katikati, imeanza kubanduka.

Mwalimu atalala kwa ndugu yake hapa mjini. Keshokutwa atapitia kaseti na santuri yake akienda kupanda basi.

Jumanne, 10 Februari

Nimefika mapema, Baba Tusa akafungua akaenda kunywa chai. Niliiweka kaseti ya Mwalimu ili niisikie tena peke yangu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni sauti ya nyumbani.

Ilitoka sauti ya mvulana.

Kaseti ile ile, rekoda ile ile. Niliogopa kwanza, nikazima. Nikasikiliza tena. Mvulana.

Nimefanya kazi siku nzima nikiwaza hilo. Mchana nilirudia kwa sauti ndogo, wakati hakuna mteja. Mwanamume mzima, mzito. Ndipo nikapeleka mkono chini ya vitambaa vya Mama Tusa. Rekoda ilikuwa ya moto kama kikaango. Ina matundu ya kutolea joto juu, yote yamezibwa na wanga. Ndani mna mpira unaozungusha kaseti. Ukipata joto unalegea, na rekoda inakwenda polepole. Asubuhi haijachoka. Jioni imechoka kama mimi. Tulinakili ikiwa imechoka na kuijaribu ikiwa imechoka, kwa hiyo tulisikia sawa. Iringa waliisikia kwa mashine ambazo hazijachoka.

Najua sasa. Sijamwambia mtu. Nitaanzaje? Nimwambie Mama Tusa kwamba mikono yake ndiyo iliyoharibu? Ananipa chai kila siku. Aliniambia siku ya kwanza kwamba mashine isiyofunikwa ni kama mtu aliyetoka bafuni akaingia sebuleni.

Mimi ni mwoga. Kesho mzee anapanda basi na kaseti mbaya.

Jumatano, 11 Februari



Mwalimu alikuja asubuhi na mapema. Mama Tusa alikuwa anafagia, Baba Tusa akitafuta kanga ya kufungia santuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, yote yakatoweka. Nilibonyeza tu kitufe.

Mvulana aliimba duka zima. Baba Tusa aligeuka. "Nani huyo?"

"Ni mimi wa Iringa," Mwalimu akanong'ona.

Nikaondoa vitambaa, nikavikunja. Nikasema jambo la joto kwa sauti ndogo, Baba Tusa akaniambia nirudie, nikarudia. Akashika rekoda, ilikuwa baridi. Mama Tusa akanigeukia, akasema, "Mwee! Gwe Vero, sasa mashine ikae uchi mbele ya wateja?" Akaendelea kufagia, lakini kwa nguvu.

Tukanakili hapo hapo, kabla rekoda haijapata moto. Gramafoni kwenye saruji mlangoni, rekoda mezani, waya umevutwa katikati, na Mama Tusa ameambiwa asimame na ufagio wake. Beti zote zilipita vizuri mpaka wa mwisho. Pale sindano ikaingia palipobanduka, ikakwaruza, ikatoka nje. Nilipoinua santuri, kipande kidogo kilibaki mkononi mwangu.

Nilitaka kulia. Niliomba radhi. Mwalimu alikitazama kile kipande, akanong'ona, "Sindano imeila, kama mimi nilivyoutafuna ujana wangu."

Kisha akauliza kama kuna maikrofoni. Akasema noti za ubeti wa mwisho ni zile zile za ubeti wa kwanza, kinachokosekana ni maneno tu, na maneno anayo. Nikairudisha kaseti mpaka mwisho wa ubeti uliotangulia. Akasogeza mdomo karibu. Alinong'ona ubeti mzima akigonga mapigo kwa vidole juu ya meza. Nje mtu aliita mteja wa ndizi, na sauti yake imeingia kwenye kaseti.

Tuliisikiliza baada ya rekoda kupoa. Kijana, kijana, kijana, halafu huyu mzee. Sauti ya kijana ni nzito jinsi inavyotakiwa. Baba Tusa alivua kofia.

Mwalimu ameacha kaseti ili nitoe nakala kwa kila mtaa. Atatuma mtu kuzichukua. Kwenye mlango aliniaga kwa salamu ya kwetu, "Kamwene, mwanangu."

Alhamisi, 12 Februari

Mama Tusa hakunipa chai. Nimechoka mno kuandika.

Jumamosi, 14 Februari

Mvua imepumzika. Baba Tusa ameleta rekoda ya nyumbani kwake. Moja inapiga, nyingine inachukua, kila moja na meza yake. Natengeneza nakala za Mwalimu asubuhi tu, mpaka saa nne, kisha naacha rekoda zipoe.

Mnong'ono hauingii vizuri kwenye nakala. Unazama katika mvumo. Kwa hiyo nasimama pale, na ubeti wa mwisho ukikaribia naongeza sauti kwa mkono, polepole, ili wasikilizaji wasije wakashtuka. Anapomaliza napunguza.

Leo nimefanya hivyo kwa kila nakala. Ubeti wote nimeshaujua. Miguu inauma. Nitalala mapema.