Kwa Nini Hawaingii Chumba cha Meno

Mdogo wangu mpenzi,

“Tuliwajengea chumba, tukawapelekea kiti hadi mlangoni, wakakataa kukikalia. Watu wa mitaa ile hawajali meno yao.” Hayo ni maneno yako. Uliyasema redioni, ukieleza kwa nini kamati yenu ya afya itapiga kura mwisho wa mwezi kukifunga chumba cha meno cha mtaani kwetu, na sauti yako ilikuwa tulivu kama ya mtu anayesoma habari za hali ya hewa. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga yai, likaungua mpaka likawa kama kandambili. Nikaapa kwamba nitakujibu siku hiyo hiyo, tena gazetini, na undugu ukae pembeni mpaka nimalize.

Lakini salamu kwanza, maana Mama akisikia nimeanza barua kwa ugomvi atanikana mchana kweupe. Hujambo? Wifi hajambo? Na wale watoto wako, bado wanagombania dirisha la gari? Mgongo wako je, au bado unainama juu ya vinywa vya watu kama fundi wa saa? Huku Mama ni mzima. Goti lake linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna tatizo lolote, kama unavyomjua. Anasema umekonda. Nimemuuliza amekuonea wapi, akasema kwa sauti tu ya redioni amejua. Mimi nami mwili ni mzima. Kichwa ndicho kimevurugika, na ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kuandika kile nilichokaa kukiandika.

Maana jibu nilikuwa nalo. Ulipomaliza kusema nilikuwa tayari nimeshaandika ukurasa wa kwanza, na ulikuwa unawaka moto. Niliandika kwamba kila mwenye cheo akishindwa kuwafikia watu husema watu ndio hawajali, kana kwamba kuyapenda meno ni kipaji cha kuzaliwa nacho wenye magari. Niliandika kwamba chumba hicho kinafunguliwa watu wakiwa kazini na kufungwa kabla hawajarudi, kwamba dawa ya kuziba jino haipo na kilichobaki ni koleo, na kwamba mtu akijua anakwenda kung'olewa tu, atakaa nalo mpaka lishindikane. Mhariri wangu, niliyemtumia ukurasa huo, alinipigia simu akicheka, akaniomba nikuachie angalau jino moja. Nikamwambia huyo ni mdogo wangu, namjua toka hajaota hata hilo moja.

Sasa, mimi siandiki bila kuona. Hilo unalijua, na wengi walionichukia wanalijua pia. Nikafunga safari mpaka mtaani kwetu kutafuta mashahidi.

Nilianzia kwenye kituo chenyewe. Chumba cha meno kiko mwisho wa korido, baada ya chumba cha kupima shinikizo la damu. Nikamkuta tabibu wa meno, kijana mpole mwenye ndevu chache, anafuta vumbi kwenye kiti ambacho bado hakijatolewa nailoni ya kwenye egemeo la kichwa. Nikamshambulia palepale. Nikamuuliza kwa nini anafunga mapema. Akasema hafungi mapema, toka mwaka jana anakaa mpaka jioni, wewe ndiye uliyeilazimisha kamati ya afya ikubali. Nikamuuliza kuhusu dawa za kuziba. Akafungua kabati, zimejaa. Akasema wewe ndiye uliyezipigania. Nikauliza gharama. Akasema bure, na akaanza kuniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu aliyekuja na mwavuli mahali ambapo mvua imekatika juzi.

Mdogo wangu, kila nilichokuwa nadai kwenye makala yangu ulikuwa umeshakifanya. Hukuniambia. Na mimi sikukuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika siulizi.

Nikauliza basi wagonjwa wako wapi. Yule kijana akakaa kwenye kiti chake cha wagonjwa, akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Watu wanakuja chumba cha jirani kupima shinikizo, wanapita mlangoni kwake, wanamsalimia vizuri, wanamuuliza habari za mtoto wake, kisha wanaondoka. Wengine wameshika shavu. Alisema siku moja alimfuata mama mmoja hadi getini kumbembeleza, yule mama akamwambia asante mwanangu, Mungu akuzidishie, akaongeza mwendo. Aliniuliza, nadhani kwa utani, kama mlango wake una jini.

Nikatoka nje nikautazama huo mlango. Picha yako iko juu yake, kubwa, umeshika mkasi na utepe, unacheka. Chini wameandika: mtoto wa mtaa huu. Nikajisikia fahari kidogo, nisikufiche, halafu nikajikasirikia.

Kuanzia hapo nikaingia nyumba kwa nyumba. Nilitegemea watu wanieleze kwa hasira, niwaandike kwa hasira. Badala yake wakanichekea. Yule fundi wa kuchomelea mageti aliniambia meno yake na yeye wanaelewana, hawaingiliani. Mama wa mkaa alisema atakwenda akipata nafasi, na alipofungua mdomo kusema hivyo nikaona pamba kwenye gego lake, ikinuka karafuu hadi nilipokaa. Nikamwambia twende wote sasa hivi, nitakulindia mkaa. Ghafla akakumbuka ana mgeni. Jirani yake naye akakumbuka ana mgeni. Kwa siku moja mtaa mzima ulipata wageni, na mimi niliyekuwa mgeni kweli nikaachwa uani na kuku.

Nilipofika kwa Baba Uzi nilikuwa nimechoka na sielewi kitu. Unamkumbuka Baba Uzi, yule fundi cherehani aliyekuwa anatushonea sare za shule na kutuachia upindo mrefu ili tukue nao. Alikuwa barazani anashona, shavu la kulia limevimba kama ameficha limau, amejifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini. Nilipomuuliza akasema ni mafua. Nikamwambia, Baba, mafua gani ya shavu moja? Akasema haya ya siku hizi hayana adabu.

Hapo uvumilivu ukanitoka. Nilimwambia wamenifanya mjinga mtaa mzima. Nilimwambia kwamba kwa sababu yao kamati inakaa mwisho wa mwezi kukifunga chumba, na kiti kitapelekwa hospitali ya ng'ambo ya mji, wanakokwenda wenye bima, na yeye na shavu lake watabaki hapo na karafuu. Kisha nikamweleza ulichosema redioni.

Akasimamisha cherehani. Akaniuliza kama kweli wewe umesema hivyo, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba wao hawajali. Nikasema ndiyo. Alitazama kitambaa mikononi mwake kana kwamba amesahau kilikuwa kinakuwa nini. Ndipo mkewe akasema kutoka ndani kwamba aniambie, na asiponiambia yeye ataniambia. Mzee akamkaripia, akamwambia mambo ya watoto wa watu ayaache. Mkewe akatoka na povu la sabuni mikononi, akasema ameyaacha miaka yote hiyo na sasa tazama shavu lako, wewe mwanamume.

Sasa, mdogo wangu, kaa chini kama umesimama.

Unakumbuka likizo ile uliyorudi kutoka chuoni, bado mwanafunzi, na koleo lako jipya na sindano za ganzi. Mama alikuwekea kiti uani na watu wakaja, kwa sababu walikuwa wanaumwa na daktari wa meno wa karibu alikuwa mbali kiasi kwamba nauli yake ilikuwa ugonjwa mwingine. Uliniandikia barua ya furaha, ukasema wote wamekusifu kwamba mkono wako ni mwepesi. Baba Uzi alikuwa wa kwanza kukaa. Ulimng'oa jino zima. Bovu lilikuwa la pembeni yake.

Alilijua mara ganzi ilipoisha. Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani kukushukuru. Mkewe anasema alimkuta Mama amesimama mlangoni anang'aa kwa furaha, akashindwa kusema neno lingine. Akasema amepona. Lile bovu akalibeba mpaka alipopata safari, akalitolea mbali. Yule mama wa mkaa ulimvunjia mzizi ndani, likaota jipu. Aliwaambia watu ameanguka. Na wote waliokuwa kwenye foleni uani siku ile walikusifu, mpaka ukarudi chuoni ukiamini una mkono mwepesi. Adabu yao ndiyo iliyokufanya usijue.

Tangu hapo neno linapita mtaani kwa sauti ya chini, mama anamwambia binti yake, jirani anamwambia mpangaji mpya: jino likikusumbua nenda mbali au vumilia, ila usilisemee mbele ya Mama Daktari, yaani mama yetu, utamuumiza. Kituo kilipojengwa na picha yako ikawekwa mlangoni, wakaona chumba ni chako na yule kijana ni mwanafunzi wako. Nilimwambia mke wa Baba Uzi kwamba sivyo, kwamba kijana amesoma kwingine kabisa na hata hamfanani. Akaniuliza: “Tukienda pale tukaumia, tutamshtaki nani? Mtoto wetu?” Nimetunga hoja miaka mingi, nimewanyamazisha mawaziri, na pale nikafunga daftari langu.

Baba Uzi akaniomba nisikwambie. Alisema kijana atavunjika moyo. Kijana! Una mvi nyingi kuliko yeye.

Jioni nilimuuliza Mama. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuacha kuchambua. Akasema anajua. Mke wa Baba Uzi alimwambia wiki ile ile. Alinyamaza kwa sababu ulikuwa unakaribia mtihani, kisha ukafaulu, kisha ukawa daktari kweli, na kila mwaka ikazidi kuwa vigumu kuanza kuyasema. Akaniambia nikithubutu kuyaandika gazetini nimhesabu amekufa. Sikumwahidi chochote kuhusu barua, na hajui kwamba naandika.

Kwa hiyo makala yangu iko mezani, nusu yake imewaka na nusu nyingine nyeupe, na sijui nimpige nani. Nikikugeukia wewe, nakuona ulivyokuwa: mwanafunzi aliyezungukwa na watu wanaolia kwa maumivu, na mwenye ujuzi ni yeye peke yake. Nikiwageukia wakubwa walioacha mtaa mzima bila daktari mpaka mtoto wa shule akashika koleo, hapo kalamu inakimbia vizuri, lakini inafika kwenye kabati lile lililojaa dawa na kusimama. Nikiwageukia watu wenyewe, namwona Baba Uzi asubuhi ile mlangoni kwetu, shavu linamuuma, anamwambia mama wa mtu mwanao ni hodari. Kila ninayemnyooshea kidole namkuta ana haki kiasi. Sijazoea hali hii na siipendi hata kidogo. Nilifikiri haki ya matibabu ni jengo, dawa, saa za kazi na bei, na bado nafikiri hivyo, na mtu akisema vinginevyo nitagombana naye. Lakini vyote vile viko pale na watu bado wanatafuna karafuu. Labda wewe unaelewa. Mimi sielewi.

Na sijui hata kama nafanya vyema kukwambia. Nimepuuza ombi la mzee na kuizunguka amri ya Mama katika bahasha moja. Lakini mwisho wa mwezi unakuja, na wewe utainua mkono kufunga chumba ukiwa na sababu isiyo kweli.

Nisalimie wifi, mwambie vile vitambaa alivyoagiza nimevipata. Watoto wabusu. Mama anakusalimu sana, na angekusalimu zaidi kama angejua nakuandikia, au asingekusalimu kabisa.

Haya sasa, wewe na wajumbe wenzako wa kamati, nina dai, na silipunguzi. Msipige kura mwezi huu. Waambie kwamba yale uliyosema redioni si kweli na kwamba umeijua sababu. Kama huna ujasiri wa kuwaeleza, wasomee barua hii. Ile picha mlangoni itoeni kabla ya kikao, si baada. Kisha wewe uje mtaani bila koti jeupe na bila kumwarifu Mama, uende moja kwa moja barazani kwa Baba Uzi kabla shavu halijapasuka, umwambie unajua. Akuonyeshe kwa kidole chake jino linalouma, umsindikize kwa yule kijana, na wewe ubaki nje kwenye benchi watu wote wakuone umekaa unasubiri kama ndugu wa mgonjwa. Na tafadhali usianze kwa kumwomba radhi. Atakusamehe haraka mno, kwa adabu ile ile, atakwambia amepona, na hakuna kitakachobadilika. Mwombe kwanza afungue mdomo.

Ni mimi dada yako, ambaye safari hii hana la kuongeza.