Kocha Recalde Amekwenda Bila Mimi

Albert Park, Durban,
9 Aprili 2025.

Mpendwa dada Ernestina,

Habari za Muleba? Mguu wa Mama bado unavimba akisimama sana? Na shemeji Yeremia, kifua kimepona? Mimi mwili ni mzima, kinachouma ni moyo. Barua hii usimsomee Mama kwa sauti.

Krismasi nilikuambia kwenye simu kwamba nahamia Johannesburg na kocha Recalde. Sijahama. Niko hapa hapa.

Huyo Mparagwai unamjua kwa picha tu. Alifika Durban akiwa mshambuliaji wa miaka thelathini na mbili, goti limechoka, kwao hawamtaki tena. Mimi, mtunza jezi, nilimkanda goti hilo kwa barafu misimu miwili mpaka akastaafu. Klabu ikampa timu ya vijana, halafu ile kubwa kocha wake alipofukuzwa.

Kocha mwenyewe lugha hana. Kiingereza chake nakielewa mimi tu, kama mama anavyoelewa maneno ya mwanawe. Nusu ya wachezaji ni Wakongo, na Kiswahili chao chenye Kifaransa nilishakiokota saluni, ninakonyoa siku zisizo na mazoezi. Basi kila mapumziko nilikuwa nasimama ubavuni pake kumtafsiria. Akifoka, mimi naondoa matusi nabakiza maana. Mwaka jana tukachukua kombe, magazeti yakamwita fundi.

Johannesburg wakamtaka. Akasema mbele ya timu nzima kwamba tutakwenda wote. Nami nikafanya kosa letu sisi wahamiaji wa huku: nikaaga kabla sijaiona tiketi. Desturi yetu unaijua, anayehama anapikiwa, anaombewa, kisha anawagawia vitu vyake wanaobaki. Godoro nikampa Innocent, sufuria na jiko Colette, yule Mkongo wa ghorofa ya chini, kiti changu cha saluni Steve. Klabuni nikaacha kazi kwa barua. Asubuhi ya safari nikafika kwa kocha na begi. Mlinzi akaniambia kocha aliondoka jana, pamoja na msaidizi aliyetoka kwao.

Ukishagawa umegawa, dada, hakuna kudai. Nalala kwenye kapeti na godoro langu liko mlango wa tatu. Naazima sufuria yangu mwenyewe, na kila nikibisha Colette ananiuliza: "Eish, Gosbert! Si ulishaka kwenda Joburg?" Siku Steve asipokuja ndipo nanyoa. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda, akaenda yeye.

Wiki iliyopita, Jumanne, akanipigia. Mpumbavu mimi nikadhani anaomba radhi. Kumbe mshambuliaji wake Mkongo, Sébastien, amegoma mazoezi, na huyo msaidizi wake haelewani naye hata neno. Akampa simu kijana. Ningeweza kummaliza Recalde pale pale, kwa sentensi moja tu, wala asingejua. Badala yake nilimbembeleza Sébastien vizuri kuliko kocha alivyosema, nikaongeza na maneno yangu. Kijana akalia, akarudi uwanjani.

Jumamosi akafunga mawili. Tulikuwa tunaangalia mechi saluni, wembe mkononi mwangu, Recalde akaulizwa kwenye televisheni amemrudishaje mchezaji wake. Akasema alizungumza naye kama baba. Nikaharibu kichwa cha mteja.

Nina hasira naye, sifichi. Lakini hasira kubwa ni kwangu mimi, kwa kuwa nilipokuwa nikimsemea nilifurahi, dada. Dakika zile tano nilikuwa na kazi yangu tena.

Nisalimie shemeji, Clara na Lulu, na Baba Mdogo Chacha. Mama mwambie nakula vizuri. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Nimeapa Recalde akipiga tena sitapokea. Ila tangu Jumanne ile simu haijawahi kukaa mbali na mimi, hata nikienda kuoga naibeba.

Ndugu yako akupendaye siku zote,
Gosbert