Upande wa Kitambaa Cheusi

3 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila tumbo sasa linanitangulia mlangoni. Wewe je? Mgongo na miguu vinasemaje?

Vipande ulivyoshona vya blanketi la mjukuu wako vimefika. Nilipovigeuza nikabaki mdomo wazi. Mishono yote umeifungua kwa pasi, ukingo mmoja huku, mwingine kule! Wewe, uliyenichapa vidole kwa rula kwa kosa hilo hilo? "Kingo zote zilale upande wa kitambaa cheusi, zisionekane chini ya cheupe." Nimekua na wimbo huo. Sasa vyangu vimelala, vyako vimefunguka, havikutani vizuri. Nani kakupigia pasi?

Mwanao,
Kitindamimba

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, na miguu inauunga mkono. Shangazi yako yuko hapa na kalamu yake kama kila Jumapili, maana mimi na kalamu hatujawahi kuelewana.

Pasi nimepiga mwenyewe. Mtu haruhusiwi kubadilika? Mshono uliofunguliwa unakuwa bapa, mtoto halalii uvimbe. Fungua na yako, yaishe. Na usinyanyue vitu vizito.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo salamu fupi, nina swali.

Nilipanga vipande vyako mezani. Kimoja, cheusi kimekaa mahali pa cheupe. Kingine, vyeusi viwili vimeshonwa pamoja. Na mishono imenyooka kama kawaida yako! Nikafumba macho, nikashika pasi ya baridi, nikajaribu kulaza mshono upande wa kitambaa cheusi. Sikujua ni upi. Kuufungua niliweza, vidole vilitosha.

Mama, unaona? Shangazi, usiruke hapa. Msomee.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Shangazi yako alipofika kwenye swali lako alisimama, akapunga mkono mbele ya uso wangu. Nilisikia upepo wake tu. Alilia mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba.

Kila Jumapili wifi yangu anakaa mbele yangu, hakujua. Nyumba naijua, kikombe najua kilipo. Wewe wa mbali umenigundua kwa mishono!

Uliuliza mgongo, uliuliza miguu. Macho hukuuliza, nami nikashukuru. Ningesema, ungesafiri na tumbo hilo. Naona mwanga wa dirishani, basi. Daktari anasema hayatarudi. Vitambaa haviniumi sana. Nilitaka kuuona uso wa huyo mtoto.

Karatasi imelowa. Shangazi yako anaomba radhi.

Mama yako

12 Mei

Mama,

Shikamoo, Bibi! Ni msichana, na amechukua pua yako, maskini. Niliposoma barua yako nilikaa sakafuni, mkwe wako akadhani uchungu umeanza. Bado nakukasirikia. Mwezi ujao tunakuja wote, utaushika huo uso mpaka uchoke.

Blanketi limebaki safu moja, na hiyo ni yako. Vitambaa viko kwenye kifurushi hiki. Cheusi ni kodrai, utaisikia mistari yake kwa vidole. Cheupe ni pamba laini. Pasi mwachie shangazi, wewe binya kwa kucha.

Laza kingo zote upande wa kodrai. Nikifika nitageuza kukagua, na rula ninayo.

Mwanao,
Kitindamimba