Mabamba Yamechomewa Upande Mbaya

Kolwezi, Ijumaa

Mama yetu,

Pokea salamu zangu kabla sijakuvuruga. Magoti yanaendeleaje? Mvua imekuachia mihogo shambani, au imeiozesha? Najua utajibu kwamba uko salama hata kama umelala kitandani, kwa hiyo nimemwomba tata Muteba, huyu mwenye pikipiki aliyekuletea barua, akuangalie vizuri aje aniambie ukweli. Soma peke yako, Mama. Usimpe katekista akusomee kama unavyofanya macho yakichoka.

Mimi mzima, mke wangu mzima, watoto wanakwenda shule. Mdogo wangu Kasongo naye ni mzima leo hii ninapoandika, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu. Simu yako haipatikani mpaka upande kilimani, na tangu Jumatano napiga bure.

Watu wa huko Kasaji unawaambia kwamba nachora nyumba. Sichori nyumba, Mama. Jengo la chuma linatengenezwa vipande vipande, na kila kipande kina karatasi yake. Fundi wa karakana halioni jengo. Anaona nguzo moja imelala mbele yake, na mchoro wangu. Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote naiambia kompyuta: nguzo tunaitazama kutoka upande huu, boriti kutoka upande ule. Ni kama mtu akuulize dirisha la jiko lako liko mkono gani. Aliyesimama barabarani atasema kushoto, aliyetokea nyuma atasema kulia, na wote wawili hawajakosea.

Mimi kule Lubumbashi nilifundishwa hivi: ukiitazama nguzo kutoka kushoto, ulichokiona unakichora kulia kwa mchoro wa mbele. Karakana iliyopewa kazi hii ina desturi nyingine. Kwao, kilichoonekana kutoka kushoto kinachorwa kushoto. Pembeni mwa karatasi kuna alama ndogo ya kusema mnafuata desturi ipi. Karatasi za kazi hii zilikuja na alama ya karakana imeshachapwa, nami nikachora kwa desturi yangu juu yake. Sikuitazama, na mafundi wakasoma kushoto kwangu kama kulia. Nilikuwa na haraka, na miaka yote hii sijawahi kuwa na sababu ya kuitazama.

Jengo lenyewe ni ghala la magunia ya chokaa, njia ya kwenda mgodi wa Mashamba. Nguzo zilisimamishwa vizuri. Ilipofika zamu ya vyuma vya mshazari, vile vinavyozuia jengo lisilale upande, ikaonekana kwamba mabamba ya kuvishikilia yamechomewa nje badala ya ndani. Watu wakacheka. Mimi niliposikia, nilikimbia hadi kwenye ghala.

Nilimwambia mkuu wa ujenzi azishushe nguzo, mabamba yakachomewe upya chini. Akasema kreni imeshakwenda kwingine na mwenye ghala anataka paa. Basi sasa mabamba yanakatwa kwa moto hukohuko juu na kuchomewa upande wa pili, huku nguzo zimeshikwa na kamba za chuma tu. Upepo wa mvua ukija, naliona jengo likicheza kama meza iliyolegea misumari. Nimelichora mwenyewe, Mama. Najua kwamba sasa hivi hakuna kinachoweza kulizuia.

Na anayekaa kule juu kukata na kuchomea ni Kasongo.

Nilidhani ametumwa. Kumbe alijitolea. Nilimkuta aliposhuka kula bukari.

“Kasongo, acha hii kazi. Ile nguzo haina kitu ya kuishika.”

“Yaya, mi najua,” akasema mdogo wangu.

“Unajua, na unapanda?”

“Ni sababu ya weye njo napanda. Nikimaliza, bitu byote bitaonekana muzuri. Hakuna mutu atauliza nani alichora mubaya. Bakikufukuza, batoto bako batakula nini?”

“Mi ni mukubwa wako. Nakuambia, acha.”

“Uko mukubwa wangu ku nyumba. Kule juu, ni kazi yangu.”

Akanawa mikono, akafunga mkanda wake, akapanda.

Nilikosa la kufanya, nikamdanganya. Juzi nilimwambia nimeshafukuzwa, kwa hiyo hakuna tena kitu cha kunifichia. Alishuka palepale. Lakini badala ya kwenda nyumbani alikimbilia ofisini kwetu kuniombea msamaha, akakuta begi langu juu ya meza na mwenzangu akamwambia nimetoka kidogo tu. Hakunigombeza. Alirudi ghalani, akapanda tena.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mkurugenzi. Nimesema mbele ya wote kwamba michoro ni yangu, kosa ni langu, na wasiposimamisha kazi lile jengo litaua mtu. Kosa wamelipokea haraka. Kazi hawakuisimamisha. Nimefukuzwa, Mama, safari hii kweli. Nimekwenda hadi chini ya nguzo nikapiga kelele kwamba nimefukuzwa, mpaka koo likauma. Kasongo amecheka, akanipungia mkono, akashusha kinga ya uso na kuendelea.

Mke wangu bado hajui. Anadhani nimerudi mapema kwa sababu ya mvua. Hata nikimpeleka yeye, Kasongo atasema nimemfundisha maneno. Mkuu wa ujenzi hatamwambia, anamhitaji juu. Nimechanganyikiwa, sina mwingine wa kumwendea ila wewe.

Nisalimie shangazi anayeuza mawese karibu na gare ya treni, na mama mdogo, na mzee wetu anayepiga kengele ya kanisa. Usiwaambie kitu. Wajukuu wako wanauliza utakuja lini.

Jumatatu wanaanza upande wa barabarani, ambako upepo ni mkali zaidi. Tata Muteba ameniapia kwamba atafika kabla ya Jumapili. Ukimaliza kusoma, panda kilimani, hata magoti yakiuma, umpigie. Habari ya nguzo usiiguse, atabishana nawe. Usilie, atajua nimekutuma. Mwambie tu kwamba mimi, yaya yake, sina kazi tena.

Mimi nimeshamdanganya. Wewe hujawahi. Ukisema wewe, atashuka.

Mwanao wa kwanza,
Ngoy